Maswali ya Wasomaji: Kuwauzia Wachimbaji Wadogo Kupitia Vyama Vyao vya Mikoa

Barua kadhaa tulizopokea zinatoka kwa wafanyabiashara wanaotaka kuwauzia wachimbaji wadogo wa madini kupitia vyama vyao. Kwa kuwa zinagusa jambo moja, tumeona ni vyema kuzijibu kwa pamoja, tukianza na ile iliyouliza mengi zaidi.

SWALI: Ninaendesha karakana na duka la pampu za maji, jenereta na mabomba jijini Mwanza. Kwa miaka mingi wateja wangu wamekuwa wakulima wa mboga na watu wenye visima, lakini siku hizi wachimbaji wadogo kutoka upande wa Geita huja mmoja mmoja na kununua bila kubishana sana bei. Nikaona badala ya kuwasubiri dukani niwafuate wote kwa pamoja. Niliwaandikia barua viongozi wa wachimbaji ngazi ya taifa, nikiomba wanitangaze kwa wanachama wao nchi nzima, lakini sikujibiwa. Rafiki yangu ananishauri niachane na makao makuu, niende kwenye vyama vya mikoa. Nianzie wapi, na nikifika niwaambie nini?
Muuza pampu, Mwanza

JIBU: Ndugu yetu, rafiki yako amekushauri vyema, ingawa ameishia katikati ya njia.

Shirikisho la Vyama vya Wachimbaji Madini Tanzania, yaani FEMATA, kama jina lake linavyoonyesha, ni muungano wa vyama. Chini yake viko vyama vya mikoa, ambavyo vifupisho vyake vingi huishia na silabi zilezile: GEREMA kwa Geita, SHIREMA kwa Shinyanga, MAREMA kwa Manyara. Kazi kubwa ya uongozi wa taifa ni kuzungumza na Serikali kuhusu kodi, leseni na maeneo ya kuchimba. Mfano mkubwa ni mkutano wa wachimbaji wadogo na Rais John Magufuli uliofanyika Dar es Salaam mwezi Januari mwaka 2019. Muda mfupi baadaye wachimbaji wadogo waliondolewa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 pamoja na kodi ya zuio ya asilimia 5 katika mauzo ya madini yao, na mwezi Machi mwaka huohuo soko la madini la Geita likafunguliwa. Ofisi inayoshughulika na mambo ya uzito huo ikipokea barua ya kuomba itangaze pampu, barua hiyo italala chini ya rundo, na sidhani kama tuna haki ya kuilaumu.

Mkoani mambo ni tofauti kwa sababu viongozi wanawajua wanachama wao kwa sura, na wanajua ni eneo gani limejaa maji na ni lipi limekauka. Hata hivyo, hapa ndipo wafanyabiashara wengi hujikwaa. Chama cha mkoa hakinunui pampu, na hata wanachama wanaohudhuria mkutano wake mara nyingi si wao wanaozinunua. Ukiingia ukumbini utakuta zaidi ni wenye leseni za uchimbaji mdogo, zile zinazotolewa kwa Watanzania pekee kwa kipindi cha miaka 7. Wengi wao hawachimbi kwa mikono yao wala kwa fedha zao. Ndani ya eneo la leseni moja huwa na maduara mengi, yaani mashimo ya kuchimbia, na kila duara lina mwenyewe anayegharamia chakula cha vijana, matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, mafuta ya jenereta na pampu, kisha wakishapata mawe wanagawana na mwenye leseni kwa mgao waliokubaliana. Maji yakijaa usiku, anayekosa usingizi ni mwenye duara, na jina lake huenda halimo kabisa kwenye daftari la wanachama wa chama cha mkoa.

Kwa hiyo usikiombe chama kikununulie, wala usikiombe kikutangaze. Kiombe mambo mawili tu: dakika chache ndani ya mkutano wao wa kawaida, na barua au simu ya utambulisho kwa msimamizi wa eneo moja la uchimbaji ambako utakwenda kuonyesha kazi mbele ya wenye maduara. Ombi la namna hiyo ni jepesi kukubaliwa, kwa kuwa halimgharimu kiongozi chochote wala halimfanyi aonekane mchuuzi wa bidhaa zako.

Umeuliza uwaambie nini. Usianze na bei, wala usianze na historia ya karakana yako. Anza na jambo linaloua watu. Wachimbaji wengi hununua pampu ya injini ya petroli kwa sababu ni rahisi na hubebeka, wakaiweka juu ya duara na kuteremsha bomba la kuvutia. Lakini pampu inayovuta ikiwa juu ina kikomo ambacho hakuna ufundi wa kukivuka, kwa kuwa maji husukumwa na kani ya hewa ya nje. Katika usawa wa bahari kikomo hicho ni kama mita 10 kwa hesabu ya darasani. Huko kwenu, ambako Ziwa Victoria lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, kinashuka hadi kama mita 9, na ukitoa msuguano wa bomba na hewa inayopenya kwenye maungio, utabaki na mita 6 au 7. Duara likizidi kina hicho injini hunguruma bila kuleta maji, na mchimbaji, akidhani pampu haina nguvu, huifunga kamba na kuiteremsha hadi kwenye ngazi ya kati ya shimo ili iwe karibu na maji. Injini hiyo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na ndani ya shimo lenye mlango mmoja haina pa kutokea. Anayeshuka kuizima huanguka, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake.

Mueleze mwenyekiti kwamba unataka kufundisha jambo hilo kwa nusu saa, na kwamba ungependa mkaguzi wa migodi kutoka ofisi ya mkoa ya Tume ya Madini awepo asikilize. Nenda na vitu vichache: kamba yenye fundo kila baada ya mita moja na jiwe mwishoni, ya kupimia kina cha maji, pampu moja ya umeme ya kuzama majini, na kadi ya ukurasa mmoja inayoonyesha, kwa kila kina, pampu ya ukubwa gani inafaa na jenereta ya ukubwa gani itaweza kuiwasha ikiwa imekaa juu mahali penye hewa. Hapo kwenye jenereta ndipo watu hupoteza fedha nyingi. Mota ya pampu huvuta umeme mwingi sana inapoanza kuzunguka, hivyo mota ya kilowati 1.5 isipangiwe jenereta ya kilowati 2 kwa kuangalia tarakimu tu; wape ya kilowati 4 hivi, vinginevyo watachoma mota na kukuita tapeli. Kadi hiyo iandike kwa Kiswahili, weka namba yako ya simu chini yake kwa herufi za kawaida, na waachie. Itaning'inia kwenye kibanda cha jenereta muda mrefu kuliko bango lolote.

Jambo jingine ambalo huenda hukulitarajia ni kwamba bidhaa ulizowazoesha wakulima hazifai zote huko. Pampu ya kisima imetengenezwa kwa maji safi. Maji ya duara yana mchanga na tope la mawe yaliyosagika, ambayo hula mapanga ya ndani ya pampu upesi. Kabla hujapiga hodi kwenye ofisi ya chama, hakikisha unazo pampu za maji machafu pamoja na vipuri vyake, hasa sili na mapanga, na fundi anayeweza kufika mgodini. Wengi hupenda kusema kwamba kizuri chajiuza. Mimi sijawahi kuona pampu ikijiuza, ila nimeona pampu mbovu ikimharibia mtu jina katika wilaya nzima, maana wanachama wa chama kimoja huulizana kabla ya kununua, na habari ya pampu iliyokufa huwafikia wote kabla ya wewe kuchapisha kadi nyingine.

Ukifanikiwa Geita, usichukue maneno yaleyale ukayapeleka mkoa mwingine. Mirerani, kwa wenzetu wa MAREMA, wanachimba tanzanaiti kwenye mashimo marefu sana yanayohitaji zaidi kompresa na mifumo ya kupeleka hewa chini, na eneo lote limezungushiwa ukuta wa kilomita zipatazo 24.5 uliozinduliwa mwaka 2018, hivyo hata gari lako la maonyesho litahitaji kibali kabla ya kupita getini. Tunduru, mkoani Ruvuma, vito hutafutwa kwenye changarawe za mitoni, ambako pampu hutumika kuoshea na kuhamisha maji, na kina si tatizo. Chunya na Sekenke ni dhahabu tena, lakini ziko mbali na karakana yako, na kuuza mahali ambapo huwezi kupeleka fundi kabla duara halijajaa upya ni kutafuta lawama. Kwa maoni yangu, vyama viwili vilivyo ndani ya uwezo wa pikipiki au gari la fundi wako vina faida kuliko vyote vilivyoko kwenye ramani.

Wakati nao una maana. Kanda ya Ziwa hupata mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba na za masika kati ya Machi na Mei, hivyo somo lako lifanyike Septemba au Februari, wachimbaji wakiwa bado na fedha na kumbukumbu ya mafuriko yaliyopita. Maonyesho ya teknolojia ya madini yanayofanyika Geita kila mwaka yamekuwa yakiangukia karibu na majira hayo ya kwanza. Banda la maonyesho si la lazima, lakini ukilichukua, zungumza na chama cha mkoa mapema ili wanachama wake waletwe kwa makundi na kwa saa iliyopangwa, kwa sababu umati unaopita kuchukua kofia na kalamu hauna maduara.

SWALI: Nilifika kwenye chama kimoja cha mkoa kuuza vilainishi na vipuri vya makarasha, yaani mashine za kusaga mawe. Mwenyekiti alinipokea kwa heshima zote, lakini siku chache baadaye akanipigia simu akitaka asilimia kumi ya kila mauzo nitakayofanya kwa wanachama, ilipwe kwenye simu yake. Nikikataa nitafungiwa mlango, na nikikubali naona kama nanunua wateja. Nifanyeje?
Msomaji, Kanda ya Ziwa

JIBU: Unavyoona ndivyo ilivyo. Tofautisha kati ya chama na mtu anayekiongoza. Chama kina gharama za ukumbi, karatasi na nauli za wajumbe, na si vibaya mfanyabiashara anayenufaika na mkutano kuchangia gharama hizo. Mchango wa aina hiyo uwe wa kiasi maalumu, usiotegemea mauzo, uandikiwe barua, uingie kwenye akaunti ya chama, upewe risiti, na utangazwe mbele ya wanachama waliohudhuria. Fedha inayokwenda kwenye simu ya mtu binafsi ili akushawishie wanachama wake ni jambo jingine kabisa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwa watumishi wa umma peke yao. Inamgusa pia mtu anayepokea hongo kwa kutumia nafasi aliyokabidhiwa na wengine.

Hata tukiweka sheria pembeni, hesabu yenyewe haikai sawa. Asilimia kumi itabidi uiongeze kwenye bei, na mwenye karasha anayejua bei ya vilainishi mjini ataigundua siku ya kwanza. Zaidi ya hapo, viongozi hawa huchaguliwa, na uchaguzi wa wachimbaji una moto wake. Mfanyabiashara anayejulikana kuwa mtu wa mwenyekiti huondoka naye siku anapoondolewa, na kundi lililoshinda halitakuuliza ubora wa bidhaa zako.

Nakushauri umjibu kwa upole na kwa maandishi, ukielekeza barua kwa katibu na nakala kwa mwenyekiti, ukisema kwamba duka lako liko tayari kuchangia gharama za mkutano ujao kwa kiasi fulani, na kwamba punguzo lolote unaloweza kutoa utalitoa moja kwa moja kwa mwanachama atakayeonyesha kitambulisho chake. Barua kama hiyo haimtukani mtu, na inampa nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika. Akiendelea kukufungia mlango, wenye makarasha unaweza kuwafuata kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, na kwenye mitambo yao bila kupitia ofisini. Chama hakimiliki barabara.

SWALI: Mimi ni mama mwenye duka la vifaa vya kujikinga mjini Kahama: mabuti, kofia ngumu, glovu na miwani. Je, kuna faida ya kwenda kwenye chama cha wachimbaji wanawake, au nibaki na chama cha mkoa kwa kuwa ndicho chenye watu wengi?
Mwenye duka, Kahama

JIBU: Dada, nenda kote kuwili, lakini uanze na wanawake. Chama cha Wachimbaji Wanawake Tanzania, TAWOMA, kilianzishwa mwaka 1997, na miongoni mwa wanachama wake wapo wenye leseni zao na wanaofanya kazi kwenye usagaji na uoshaji. Sababu ya kukushauri hivyo ni ya kibiashara kabisa: mabuti na glovu nyingi zinazoletwa migodini ni za vipimo vya wanaume, na mwanamke anayefanya kazi kwenye tope la mwalo akiwa na buti linalomtoka mguuni huishia kulivua. Mfanyabiashara mwenye namba 37 hadi 40 kwa wingi, na glovu za mpira zinazoufunika mkono hadi karibu na kiwiko kwa ajili ya wanaoshughulika na zebaki, atapata wateja ambao duka jingine halijawafikiria. Waambie lakini ukweli kwamba glovu hazimlindi mtu na moshi wa zebaki inapochomwa, na kwamba kitambaa cha kawaida puani hakifanyi kazi hiyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, kwa hiyo utakuta mada hiyo inazungumzwa mara kwa mara kwenye mikutano yao, na mtu anayekuja na maelezo sahihi husikilizwa.

SWALI: Mwenye duara anataka kuchukua pampu yangu kwa mkopo, nami nilipwe kwa mifuko ya mawe au kwa dhahabu akishapata. Chama chake cha mkoa kinamdhamini kwa mdomo. Nikubali?
Msomaji, Geita

JIBU: Usikubali kulipwa kwa mawe wala kwa dhahabu, kama huna leseni ya biashara ya madini. Desturi hiyo ni ya kawaida maeneo mengi, na wapo waliotajirika kwayo, lakini sheria ya madini hairuhusu mtu asiye na leseni au kibali kumiliki madini, na mawe yenye dhahabu ni madini hata kabla ya kupita kwenye karasha. Ukikamatwa na mifuko hiyo njiani, udhamini wa mdomo wa chama hautakusaidia chochote. Andikianeni mkataba wa shilingi, wenye tarehe, namba ya pampu na sahihi za mwenye duara na mwenye leseni wa eneo hilo, mkubaliane kwamba malipo yatafanyika kila baada ya yeye kuuza kwenye soko la madini, ambako hupewa karatasi inayoonyesha kiasi alichouza.

Njia ninayoipendelea zaidi ni kukodisha. Pampu inabaki mali yako, fundi wako ndiye anayeiwasha na kuizima, na mwenye duara analipa kwa siku. Akizalisha vizuri atataka kuinunua mwenyewe, na hapo sehemu ya kodi aliyolipa unaweza kuihesabu kwenye bei. Kwa anayetaka mtambo mkubwa, mwelekeze kwa STAMICO, yaani Shirika la Madini la Taifa, kwa kuwa shirika hilo limeingia makubaliano na benki kadhaa kuhusu mikopo ya wachimbaji wadogo. Wewe uza kwa fedha taslimu, na hatari ya mkopo waachie wanaoijua kazi hiyo.

SWALI: Katibu wa chama yuko tayari kunipa orodha ya wanachama wote na namba zao za simu ili niwatumie ujumbe wa matangazo. Kuna ubaya?
Msomaji, Shinyanga

JIBU: Upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusanyiwa, na wanachama hao walitoa namba zao ili waitwe mikutanoni. Mwombe katibu yeye mwenyewe autume ujumbe wako mmoja mfupi katika kundi la simu la chama, ukiwa na jina la duka, mahali lilipo na bidhaa moja tu unayoitangaza siku hiyo. Watakaokupigia utakuwa umepewa namba zao na wenyewe, na hao uwaandike kwenye daftari lako pamoja na aina ya duara au mtambo walionao, ili utakapowapigia tena uwe na jambo la kuwaambia.